Kimya cha Ntwari

Mama Sidonie aliingia bila kubisha hodi, kwa sababu nyumba yenye kilio haibishwi hodi, akaketi ukingoni mwa mkeka na kusema jambo lake kabla hata hajavuta pumzi.

"Mama Emérita, ile mashini imefika. Banaanza leo."

Emérita alikuwa ameketi kama mjane anavyoketishwa: mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, kitenge kimefungwa kifuani, kichwa kimenyolewa. Hakugeuka. Wanawake waliokuwa wakikaa naye waliacha mazungumzo yao ya chini kwa chini wakatega masikio.

"Banaanza nini?"

"Kuvunja ile beto ya ku maji, ile zege ya chemchemi."

"Na kilio ya Ntwari?"

"Kilio iko, hakuna mwenye anaigusa." Sidonie aliweka mkono juu ya goti la mwenzake. "Haiko inapiga, mama. Banasema ata ukisimama pembeni yake hausikie kitu. Inajiingiza ndani ya beto polepole, inavimba, beto inapasuka yenyewe. Kapita wa kijiji anasema kama haipigi, haivunji kilio."

"Nani alikuya kuniuliza?"

Sidonie alianza kukagua kucha zake kana kwamba jibu limejificha humo.

"Njo mie nimekuya," alisema mwishowe. Hilo halikuwa jibu, na chumba kizima kilijua hivyo.

Ntwari, mume wa Emérita, alikuwa amezikwa Jumapili nyuma ya migomba, na tangu saa ile kilima kizima kilikuwa kimelaza majembe. Ndivyo wanavyofanya pale, juu ya Kashuga, wenye mashamba na wenye ng'ombe pia, ingawa kila upande utakuapia kwamba upande wa pili uliiga. Mtu akifa, chuma hakigusi udongo wala jiwe mpaka familia inawe mikono. Halimi mtu. Hapasui mtu kuni kwa shoka. Hata kinu cha kutwangia sombe, majani yale ya muhogo, kinalazwa ubavu, na mwenye hamu ya sombe atavumilia maharagwe. Kilima kile ni maskini, hakina cha maana cha kumpa marehemu zaidi ya sanda na ubao, lakini kelele zake kinazo, na mtu anapoondoka kinazizuia kwa ajili yake. Kunawa mikono kulipangwa Jumamosi. Siku hii ilikuwa Jumatano.

Na Ntwari alikuwa mtu gani hata anyamaziwe? Swali hilo hakuliuliza mtu kwa mdomo. Alikuwa amepanda kutoka kambi ya wakimbizi kule Kashuga miaka mingi nyuma, mkononi fimbo, nyuma yake mke, akaomba mahali pa kujenga. Alipewa kipande cha mteremko ambacho mbuzi wenyewe walikuwa wanakikwepa. Tangu hapo alichunga ng'ombe wa watu. Wa kwake hakuwa nao, walikuwa wamebaki kule walikobaki, na wale waliokula nyama yao hawakutuma shukrani. Alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi, na kikohozi hicho ndicho kilichomaliza kazi.

Emérita yeye alibeba maziwa. Kila alfajiri alipita kwenye mazizi, akajaza bidoni, dumu lake la maziwa, akalifunga mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, akapanda nalo hadi kwenye nyumba ya jibini iliyo kichwani mwa kilima. Mkanda ule ulikuwa umemchimbia mfereji kwenye paji ambao hata kunyoa nywele hakukuufuta, kulizidi tu kuuonyesha. Kazi ya maziwa ina siri zake. Bidoni lenye nusu linapiga kelele njia nzima, linamsukuma mbebaji huku na huku kama mlevi. Lililojaa hadi shingoni halisemi neno, linakaa tu na uzito wake. Wapita njia walizoea kumtania wakisikia hakuna mlio: "Mama Emérita, leo ng'ombe bamekunyima?" Naye hakuwa na pumzi ya kuwajibu.

Mwaka uliopita, mama yake kapita Édouard alipofariki, kilima kilinyamaza juma zima bila mtu kunung'unika, maana kapita ndiye mkubwa wa kijiji. Hata ng'ombe hawakutakiwa kulia karibu na nyumba ya marehemu. Ntwari aliwakusanya wote, wa huyu na wa yule, akawapeleka mbali, kwenye njia inayokwenda Mpofi, akakaa nao huko kwenye mvua mpaka watu waliponawa. Alirudi amekonda, nguo zimemgandia. Hakuna aliyemshukuru sana, kwa sababu ilionekana ni kazi yake.

Emérita hakuwa mjinga wa shida ya maji. Chemchemi ya kilima ilikuwa imefunikwa kwa zege tangu zamani na watu wa mradi fulani, ambao jina lao liliandikwa kwenye bamba la chuma lililokwishaibwa. Ardhi ilipotikisika, zege lile lilikaa vibaya likaukalia mdomo wa maji. Maji hayakukauka. Yalirudi nyuma yakajaa ndani ya kilima, na juu ya nyumba ya Sidonie udongo ulikuwa umevimba vibaya, na kwenye ukuta wake wa nyuma kulikuwa na ufa wa kuingiza kiganja. Wanaume walikuwa wamelipiga zege lile kwa nyundo wakati wa kiangazi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nzabandora, mwenye kifua kipana kuliko wote, alilipiga mpaka mpini ukakatika, na zege likabaki na madoa meupe tu. Sasa mvua zilikuwa zimeanza. Emérita alitaka maji yatoke, na alitaka Ntwari anyamaziwe. Mambo hayo mawili hayakuwa yamegombana mpaka asubuhi ile.

Haukupita muda kapita mwenyewe akafika, kofia mkononi, amefuatana na msichana wa buti za mpira aliyepakwa tope hadi magotini. Huyu alikuwa Alliance, fundi wa mashine kutoka Goma. Yeye na watu wa gari walikuwa wamelala Mpofi, na barabara ilikuwa imewafanya ilivyotaka.

"Mwihangane, mama," Alliance alisema, akapiga goti moja chini kabla ya kuambiwa. "Pole sana."

"Aksanti, binti yangu. Ikaa."

Kapita hakukaa. Alizungusha kofia yake kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia.

"Mama Emérita, siye haturuke kilio. Unatujua. Lakini gari inarudia kesho asubuyi, inapeleka mashini Ntoto, kule kuna kilalo, daraja ya ku muto, ya kuvunja. Isipofanya leo, haitarudi karibuni. Na wewe unaona vile kilima inavimba."

"Ninaona."

"Haiko inapiga. Nimeangalia na macho yangu. Ingekuwa inapiga, ata kama kilima inaanguka, nisingekubali."

Alliance alimwangalia kapita, kisha mjane. Ilikuwa wazi kwamba huko njiani hakuna aliyemweleza habari za kilio, na sasa alikuwa anaziokota kipande kwa kipande.

"Mama, kumbe ni juu ya bwana yako njo kilima imenyamaza?"

"Njo vile."

"Mie nilifikiri iko siku ya kanisa." Alijifuta tope mikononi. "Hii mashini, benye kuitengeneza baliangalia munyoo. Ile ya udongo, munyungunyungu. Iko inavimba mbele, inajikamata, inavuta nyuma yake. Na meno yake ni kama ya ile nyigu inatobola muti bila kugonga. Halafu ikifika ndani, inafanya kama muzizi, inakomaa pale mpaka jiwe inaachia. Kule pori ya Walikale tunaipenda juu ya ile kimya. Ukipiga nyundo kule, bantu ba bunduki banafikiri umepata madini, banakuya. Lakini hapa..." Aliinua uso kumtazama mjane. "Mama, unakubali?"

Kapita alikohoa. Neno hilo halikuwa limepangwa kuulizwa.

Emérita alitazama miguu yake. Nini angesema? Kwamba nyumba ya Sidonie ianguke? Sidonie huyu huyu aliyelala naye kwenye mkeka tangu Jumapili, akimfunika kila kitenge kilipoteleza?

"Haiko inapiga?" aliuliza.

"Haiko."

"Basi mie niko na nini ya kukataza? Muende."

Kapita alishusha pumzi iliyosikika hadi uani. Akasema courage, mama, courage, akainama mara mbili, akaondoka haraka asije akaitwa.

Hapo sasa Emérita akaanza kusikiliza. Hakujua anasikiliza nini. Alitega sikio kama anayengoja bidoni limwagike, na hakikuja kitu, wala mgongano wa chuma, wala mtikisiko, wala mlio wa injini. Walikuwa wamesema kweli. Kama haki ya Ntwari ilikuwa ni chuma kutogonga, basi haki yake ilikuwa inatimizwa barabara, na mtu wa kulalamika angekuwa anatafuta ugomvi tu.

Kisha akasikia kicheko.

Kilitoka juu, kwenye chemchemi. Kicheko cha wanaume, halafu cha wanawake, halafu sauti ya mtu aliyekuwa akisimulia jambo na wengine wakimkatiza. Watu wa kilima kile walikuwa wamekaa majumbani siku kadhaa bila kazi ya mikono, na mashine inayotembea kama mnyoo si kitu cha kuonekana kila wiki. Walikuwa wamekwenda kutazama. Nani angewalaumu? Njia inayopita nyuma ya nyumba ilijaa nyayo, zote zikipanda.

Ndani, mwanamke mmoja alisema anakwenda kuona mtoto wake. Mwingine akakumbuka sufuria. Wa tatu hakutafuta hata sababu, alijinyoosha tu, akafunga kitenge upya na kutoka. Sidonie alivumilia kuliko wote. Alijikunja, akajikunjua, akachungulia dirishani, akarudi kuketi, na kila mara shingo yake ilikuwa inageuka kuelekea mlangoni yenyewe.

"Kaende tu," Emérita alisema.

"Kidogo tu, mama. Iko nyuma ya nyumba yangu. Niangalie ile ukuta, nirudie."

"Kaende."

Basi akabaki peke yake na mkeka. Tangu Jumapili hakuwa amekaa peke yake hata dakika ya kujikuna, na sasa nyumba ilikuwa wazi, mikeka mitupu, kikombe cha mtu kimelala ubavu. Hasira ilimpanda polepole kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Hakuwakasirikia kwa kuvunja zege. Aliwakasirikia kwa sababu walikuwa wamepata njia ya kumwomboleza Ntwari bila kuwapo. Mama yake kapita hakuachiwa mikeka mitupu. Siku zile mtu hakuthubutu kucheka hata akiwa chooni.

Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka jua likahama kutoka kizingiti hadi katikati ya chumba. Sidonie hakurudi.

Mjane hatoki nje kabla ya kunawa, ila kwa haja zake. Emérita alisimama. Alifunga kitenge vizuri, akatoka uani, akapita kaburi bila kusimama, maana alijua akisimama hatafika, akaishika njia ya chemchemi. Paji lake lilikuwa jepesi bila mkanda, na wepesi huo ulimfanya ayumbe.

Waliomwona kwanza walikuwa wale wa nyuma. Mazungumzo yalikatika kuanzia huko, yakaenda yakikatika mtu kwa mtu hadi mbele, mpaka akabaki Nzabandora peke yake akimaliza hadithi yake ya mpini uliovunjika, kisha naye akageuka. Watu wakafungua njia. Mwanamke yule wa sufuria alijificha nyuma ya mumewe.

Zege lilikuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka, kijivu, limeota kuvu. Katikati kulikuwa na mashimo madogo, na kutoka kwenye mashimo hayo ilitokea mipira minene ya rangi ya ini iliyoungana kwenye sanduku lenye betri. Mipira ile ilikuwa inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, kwa sauti ndogo isiyozidi ya ng'ombe anayecheua. Ukiwa mbali kidogo usingeisikia kabisa. Alliance alikuwa amechutama pembeni, mkono juu ya sanduku.

Emérita naye alichutama. Aliweka kiganja juu ya zege kama anavyokiweka kwenye ubavu wa ng'ombe mwenye mimba. Lilikuwa baridi. Kwa kitambo hakuhisi kitu, kisha akahisi kitu kikijongea mle ndani, kizito, bila haraka, kikisukuma kila upande. Watu walikuwa wakisema tangu asubuhi kwamba mashine haifanyi kitu, imelala. Yeye alikuwa amebeba uzito usio na mlio maisha yake yote, hivyo hakudanganyika. Karibu na kidole chake aliona ufa mwembamba kama uzi, ukitembea kutoka shimo hadi shimo.

"Imefikia wapi?" aliuliza.

"Ndani imeisha achana," Alliance alijibu kwa sauti ya chini. "Juu njo bado inajishikilia. Ku mangaribi itafunguka yenyewe."

"Bila bantu kusikia."

"Bila bantu kusikia, mama."

Emérita aliinuka. Nzabandora alikuwa amekuja na nyundo yake kubwa, yenye mpini mpya, akaiegemeza kwenye ukingo. Alikuja nayo kwa mazoea tu, kama mtu anayekwenda kanisani na kofia asiyoivaa. Emérita aliishika.

"Mama Emérita," kapita Édouard alisema, akipiga hatua mbele. "Acha ile. Haujanawa. Kilio haijaisha."

"Kilio iko ya nani?"

Kapita alikuna kichwa. "Iko yako."

"Basi leo njo naivunja."

Minong'ono ikapanda, kapita akainua mkono, ikashuka. Emérita hakupaza sauti. Alizungumza kama anavyozungumza na mwenye zizi kuhusu maziwa yaliyochacha, bila kumtukana mtu.

"Papa Édouard, mama yako alipokufa, Ntwari alipeleka ng'ombe mbali juu ya wewe upate kulia vizuri. Alilala ku mvua. Hakusema: ng'ombe hazigongi kitu, wacha zikae. Leo muko nafanya kazi, muko nacheka, mukeka yake iko pekee kule chini, na munasema haiko kitu juu chuma haipigi. Mie sikatale maji. Sidonie, sikatale ukuta yako. Lakini kama kazi inaanza, ianze bantu basikie. Bajue kilio ya Ntwari iliisha siku fulani, juu ya kitu fulani, na mwenye kuimaliza iko bibi yake. Sitaki bwana yangu aishe hivi, kimya kimya, kama muntu mwenye hakuna aliona akipita."

Kapita alivua kofia yake. Alitafuta neno la kiserikali, akakosa, akatafuta la kanisani, nalo likakataa kutoka.

"Hatukufikiria, mama," alisema mwishowe. Alionekana mzee ghafla, na Emérita alimwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia.

Alliance ndiye aliyefanya kitu. Alibonyeza mahali kwenye sanduku, mipira ikanywea, akaanza kuichomoa shimoni mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu, akiifuta kwa kitambaa.

"Ngojea, mama, niitoshe kwanza," alisema. "Isiumie."

Emérita alingoja. Mpira wa mwisho ulipotoka, alitanua miguu, akainua nyundo. Uzito haukumshtua, ila mpini ulikuwa mnene kwa viganja vyake, na pigo la kwanza likateleza pembeni likarusha kibanzi. Hata hivyo lililia. Lilikuwa pigo la kwanza la chuma juu ya kilima kile tangu Jumapili. Lilishuka bondeni, likagonga mteremko wa pili, likarudi. Mbwa walibweka. Ng'ombe waliokuwa wamejilaza waliinua vichwa. Mbali, ng'ambo, mtu aliyekuwa ameinama kwenye migomba alisimama wima, akakinga macho kwa mkono kutazama upande wao.

Alipiga tena. Safari hii nyundo iliingia kwenye ule uzi. Zege halikupasuka kwa kishindo, lilifunguka tu, vipande viwili vikubwa vikaachana kama watu waliochoka kushikana, kikafuata cha tatu na cha nne. Ilisikika hewa ikitoka. Likaja tope la rangi ya kahawa, zito, na nyuma ya tope maji, kwanza kwa kusitasita, kisha mengi, kisha mengi mno, yakarukia miguu ya waliosimama karibu, nao wakarudi nyuma wakikanyagana.

Emérita aliiweka nyundo chini. Sidonie alifika mbele akiwa na kikombe, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, akachota maji yale yale yenye tope na kummiminia mjane viganjani. Emérita alinawa. Alinawa polepole, mgongo wa mkono, kati ya vidole, viwiko, kama inavyotakiwa. Kisha Sidonie akanawa, kisha kapita, kisha wengine wakajipanga bila kuambiwa, wanaume kwa wanawake, hata Alliance ambaye kilio hakikumhusu. Hakuna aliyetoa hotuba. Maji yalizidi kusafika kadiri mstari ulivyosogea, na wa mwisho alinawa maji meupe.

Nzabandora aliokota nyundo yake. Aliipima mkononi, hakujua aiweke wapi.

"Mama, tunaweza kuendelea?"

"Imeisha," Alliance alisema, akifunga sanduku lake. "Ile vipande haina nguvu tena. Munaweza kuitosha na mikono tu."

Ilikuwa kweli. Mtu aliinama akainua kipande kikubwa kama mto wa kulalia, nacho kikamegeka mikononi mwake. Wote walimtazama Emérita. Alikuwa ameketi kwenye nyasi za ukingo, kitenge kimelowa hadi magotini, pumzi bado haijamtulia.

"Pigeni," alisema. "Pigeni na nguvu, Ntwari asikie."

Nzabandora alitema mate viganjani. Alipiga kipande cha kwanza kwa nguvu zote alizokuwa amelipigia zege wakati wa kiangazi, na kipande kikasambaa. Akapiga kingine. Wanaume walitazamana, kisha wakatawanyika mbio kuelekea majumbani na kurudi na majembe, mitalimbo, shoka, mmoja na chuma cha mlango, wakaingia majini pamoja. Kapita Édouard alikuwa na jembe la mke wake. Alipiga vibaya, akijirushia tope usoni, na hakuacha. Wanawake walichukua zamu. Ng'ambo ya bonde, watu wasiojua kilichotokea walisikia kelele ile, wakasema kilio kimekwisha basi, wakachukua majembe yao nao, na mlio wa chuma kwenye udongo ukaenda ukishika shamba kwa shamba mpaka kwenye malisho ya juu.

Emérita aliyaachia maji yapite kati ya vidole vyake vya miguu. Zege lilikwisha kuwa kokoto, kokoto ikawa mchanga unaochukuliwa na maji, na bado walikuwa wanapiga.